Behewa Lisilokuwepo

Mama alikuwa karani wa mabehewa, stesheni ya Daugavpils,
zamu ya usiku. Treni ikipita polepole
husimama kwenye theluji na taa na daftari,
anasoma namba ubavuni, tarakimu nane kila behewa,
anaandika bila kutazama karatasi,
glavu ya mkono wa kulia imekatwa ncha.

Tarakimu ya nane haina mzigo wake.
Ni mlinzi wa zile saba:
ya kwanza zidisha kwa mbili, ya pili iache,
ya tatu kwa mbili, ya nne iache, hivyo hivyo mpaka saba,
jumlisha tarakimu zote ulizopata,
na ya nane iongezeke juu ili jumla iishie na sifuri.
Isipoishia na sifuri, karani kakosea.
Kompyuta ya Riga haikuwa na macho wala huruma,
ila hesabu hiyo iliijua.

Januari, themanini na saba. Tangi la mafuta, limevaa barafu.
Mama akaandika 73939133.
Thelathini na tisa, ikasema Riga. Ilitakiwa arobaini.
Mwisho ni nne, si tatu.
Bwana Gorškovs akamkata rubli tano,
akamrudishia karatasi ile ile na duara jekundu.

Rubli tano zilikuwa viatu vyangu vya shule.

Sijui ilikuwa hasira, au ukaidi tu wa watu wa Latgale,
lakini alikaa jikoni na lile duara
akataka kujua namba yake mbovu ina nini ndani.
Ile sahihi ilipasuka mara moja: kwa mbili, kisha kwa tatu,
kama ganda la pea lililoiva.
Yake ikakataa.
Kwa saba, baki mbili. Kwa kumi na moja, baki nne.
Kwa kumi na tatu, baki nane.
Akaniita nione. Tukashika pumzi tukingoja kumi na sita.
Kwa kumi na saba, baki kumi na tatu.
"Haina adabu," akasema, akacheka
mara ya kwanza tangu baba aondoke.

Ilibidi kufika karibu elfu nane na mia sita,
namba tasa zaidi ya elfu moja, moja baada ya nyingine,
nyuma ya kalenda, kwenye karatasi za soseji,
pembezoni mwa daftari langu la jiografia.
Mei, mto ulipokwisha kuachia barafu, akaweka penseli chini.
Tasa.
Kisha akaweka kidole gumba juu ya ile tatu ya mwisho,
ile iliyomponza, akaanza upya na zilizobaki.

73939133
7393913
739391
73939
7393
739
73
7

Zote tasa. Kata mkia, bado mjusi.
Kata tena.

Akajaribu kuirefusha. Moja na saba mwishoni:
tatu ikazila zote mbili, kazi ya dakika.
Tatu na tisa zilimchukua hadi theluji ya pili,
nazo zikapasuka.
Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba
hakuna kubwa zaidi yenye tabia hiyo;
ukoo mzima unaishia pale, kwenye kosa la mama.
Nilipomwambia, alikuwa anamenya viazi.
"Basi Gorškovs anidai nyingine tano," akasema.

Jana tulisimama kwenye kivuko cha reli, yeye kando yangu,
miaka themanini na moja, mkanda umembana shingoni.
Matangi yalipita, arobaini, hamsini.
Midomo yake ilicheza: zidisha, iache, zidisha, iache.
Nikamuuliza kama ameliona.
"Haliwezi kupita," akasema. "Kanuni hairuhusu.
Hakuna atakayelipaka rangi."
Na bado akageuza shingo kulifuata behewa la mwisho.

Kizuizi kikainuka. Nyuma yetu mtu akapiga honi.